Hifadhi ya Mifupa Baada ya Tumbo Kupunguzwa

Zamani si za mbali, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, aliyeambiwa na tabibu wake kwamba unene uliomletea kisukari na shinikizo la damu hautaondoka ila kwa upasuaji, aghalabu aliitazamia India, na kama hakuwa na nauli ya India alikaa na maradhi yake yakizidi. Katika miaka hii ya 2020 mambo yamebadilika: Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila lililo pembezoni mwa Dar es Salaam, huwawekea watu puto tumboni, na kwa wale ambao puto haliwatoshi huwapunguza tumbo lenyewe kwa upasuaji, na habari za huduma hiyo zimetangazwa hata zikafika Nansio, mji wetu wa Ukerewe, zikazungumzwa sokoni na ndani ya meli iendayo Mwanza. Ni habari njema, nami sina neno la kuipinga. Unene uliokithiri ni maradhi yenye kuua, na upasuaji huu, kwa anayeustahiki, huondoa kisukari kwa wengi, hushusha shinikizo la damu, hurudisha usingizi na pumzi, na huongeza umri. Neno langu ni juu ya jambo moja ambalo matangazo hulipita kwa haraka, nalo ni mifupa.

Kazi ya mpasuaji huchukua saa chache, na mgonjwa hutoka wodini baada ya siku chache. Lakini mifupa yake huanza kupungua katika miezi ya kwanza, na kwa aina moja ya upasuaji, nitakayoieleza punde, huendelea kupungua miaka mitano na zaidi, hata baada ya uzito kutulia. Basi gharama ya upasuaji uliofanyika Dar es Salaam hulipwa Nansio: zahanatini, katika duka la dawa, sokoni na jikoni, kwa umri wote uliobaki. Ninashikilia, na nitajitahidi kutoa hoja zangu, kwamba upasuaji huu usihesabiwe kuwa umekwisha, wala usianzwe, kabla haijajulikana ni nani atakayeitunza mifupa ya mgonjwa huko kwao arudiko, na kwa kitu gani. Jambo hili halihusu watu wachache wa mjini tu. Kwa hesabu ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi kipimo cha siha, na ingawa ni wachache katika hao watakaohitaji kisu, wachache wa nchi kubwa ni watu wengi.

Wanazuoni wa tiba hawakulijua jambo hili jana. Zama zile vidonda vya tumbo vilipotibiwa kwa kukata sehemu ya tumbo, kabla ya kupatikana dawa zinazozuia tindikali, matabibu wa Ulaya waliwaona wagonjwa wao wakirudi baada ya miaka wakiwa na mifupa laini yenye maumivu. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walijaribu kutibu unene kwa kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, chakula kikapita pasipo kunyonywa, na upasuaji huo ukaja kuachwa kwa sababu ya madhara yake kwa ini, kwa figo na kwa mifupa. Ndipo katika miaka ya 1960 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, pamoja na Chikashi Ito, wakaanzisha upasuaji wa njia ya mkato, ambao baada ya kurekebishwa mara nyingi ungali unafanywa duniani kote: hutengwa kifuko kidogo cha juu ya tumbo, chenye kuchukua kadiri ya mililita 30, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbali na mwanzo wake, hata chakula kisipite tena katika sehemu kubwa ya tumbo wala katika sehemu ya kwanza ya utumbo. Upasuaji wa pili, ambao siku hizi umeupita huo kwa kuenea, ni ule wa kulikata tumbo kwa urefu na kuondoa kadiri ya robo tatu yake au zaidi, likabaki bomba jembamba, na utumbo ukaachwa ulivyo. Mintarafu ya puto sitasema mengi: halikati wala halikatishi njia, hutolewa baada ya miezi sita au mwaka kwa kadiri ya aina yake, na hatari yake kwa mifupa ni ile itokanayo na kukonda kwa haraka na kula kidogo.

Sasa, kwa nini mifupa? Mifupa ndiyo ghala ya kalsiamu ya mwili: katika kila sehemu 100 za madini hayo tuliyo nayo, 99 zimo mifupani na menoni, na ile moja iliyobaki ndiyo iendeshayo moyo, misuli na mishipa ya fahamu, wala mwili hauko radhi ipungue hata kidogo. Chakula kisipoleta ya kutosha, tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni yenye kuamrisha ghala ifunguliwe, na kila siku huchotwa kiasi, bila kelele wala maumivu, ili damu isipungukiwe. Kwa sababu hiyo mgonjwa anaweza kupimwa kalsiamu ya damu akaambiwa kwamba ni ya kawaida kabisa, akaenda zake na furaha, ilhali ghala inaliwa. Hili ni kosa ambalo tabibu mwangalifu hawezi kulifanya mara akishalifahamu, lakini ni jepesi mno kufanywa na asiyelifahamu, na ndilo linalonifanya nilieleze kwa urefu. Kalsiamu hunyonywa kwa bidii kubwa katika ile sehemu ya kwanza ya utumbo ambayo njia ya mkato huiruka. Nayo huhitaji tindikali ya tumbo ili baadhi ya chumvi zake ziyeyuke, na tindikali hupungua kwa kila mtu ambaye tumbo lake limepunguzwa, liwe limekatwa kwa namna yoyote.

Hapa pana hoja ambayo sisi tuishio pwani ya ziwa hili yatupasa kuitafakari kuliko wengine. Nansio iko kadiri ya digrii mbili tu kusini mwa mstari wa ikweta, na jua letu halina msimu wa kukosekana; vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa nguvu ya jua na ambayo ndiyo huuwezesha utumbo kunyonya kalsiamu, hatuna sababu ya asili ya kuikosa. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walipowapima Wamasai na Wahadzabe wa nchi yetu waliokuwa wakiishi kwa desturi zao za asili, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita moja ya damu, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Mtu akisikia habari hizo huweza kusema: jua lipo, samaki wapo, vidonge ni vya nini? Hasha. Mwaka 2015 Anne Schafer na wenzake wa San Francisco, Marekani, walichapisha kipimo walichowafanyia wagonjwa wa njia ya mkato: kabla ya upasuaji, utumbo wao ulinyonya kadiri ya sehemu 33 katika kila 100 za kalsiamu waliyopewa, na miezi sita baada ya upasuaji ulinyonya kadiri ya sehemu 7 tu. Na wagonjwa hao hawakuwa na upungufu wa vitamini D. Walipewa ya kutosha makusudi, ili isiwe sababu. Basi hata mvuvi wa Ukerewe ashindaye juani mwaka mzima, akifanyiwa njia ya mkato, jua peke yake halitamwokoa. Sembuse karani wa Mwanza aingiaye ofisini alfajiri na kutoka magharibi, tena mwenye unene, ambao kwa desturi hupunguza vitamini D ionekanayo katika damu.

Sababu nyingine nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa zafahamika bila maelezo marefu. Mfupa hujengwa kwa kubebeshwa, na mtu aliyepungua kilo 40 ameipunguzia nyonga na miguu yake mzigo ambao kwa miaka uliilazimisha mifupa kuwa imara. Hupungua misuli pamoja na mafuta. Mafuta nayo hutengeneza homoni za kike ambazo huilinda mifupa, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, na homoni za tumbo na utumbo hubadilika kwa namna ambazo wataalamu wangali wakizichambua. Jumla ya hayo yote, kwa upasuaji wa njia ya mkato, ni kwamba uzito wa madini nyongani hupungua kadiri ya sehemu 6 hadi 10 katika 100 kwa mwaka wa kwanza, na kwa upasuaji wa kukata tumbo peke yake hupungua kwa kiasi kilicho chini ya hicho, lakini hupungua.

Je, kupungua huko huleta kuvunjika? Kwa muda mrefu wengine walitumaini kwamba ni mabadiliko ya kipimo tu. Mwaka 2016 watafiti wa jimbo la Quebec, Kanada, walichapisha katika jarida la tiba la BMJ habari za watu 12,676 waliopasuliwa, wakakuta kwamba hatari yao ya kuvunjika mfupa baada ya upasuaji ilizidi kwa kadiri ya sehemu 38 katika 100 ile ya wanene wasiopasuliwa, ikadhihirika zaidi kwa wale ambao chakula chao kilikatishwa njia ndefu zaidi. Na mahali pa kuvunjika palibadilika, kutoka sehemu ya chini ya miguu, ambako wanene huvunjika, kwenda kwenye mkono wa juu, uti wa mgongo na nyonga, ambako wazee wenye mifupa miepesi huvunjika. Kuvunjika nyonga ni balaa popote, lakini kisiwani ni balaa iliyoongezewa maji: ni kulazwa juu ya machela ndani ya meli hadi Mwanza, ni kupelekwa hospitali iliyo juu ya kilima cha Bugando, na ni familia nzima kuhamia mjini.

Nimeeleza madhara kwa urefu. Kinga yake, nashukuru, si ya kukatisha tamaa, na sehemu kubwa yake haihitaji mashine wala dawa za anasa. Muhimu kuliko yote ni kwamba ianze kabla ya kisu. Katika jiji la Vienna, Austria, Christian Muschitz na wenzake waliwagawa wagonjwa 220 mafungu mawili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016. Fungu moja lilipewa vitamini D kwa wingi, vipimo vya kimataifa 28,000 kwa juma, muda wa majuma manane kabla ya upasuaji, na baada yake vipimo 16,000 kwa juma pamoja na miligramu 1,000 za kalsiamu kila siku, na protini ya ziada, na mazoezi: kutembea kwa fimbo dakika 45 mara tatu kwa juma, na kuinua uzito dakika 30 mara mbili kwa juma. Baada ya miaka miwili mifupa ya fungu hilo ilikuwa imepungua kidogo kuliko ya wenzao. Haikuacha kupungua kabisa, na msomaji asidanganywe na mtu atakayemwahidi hivyo. Lakini pengo lilikuwa dhahiri, na katika yote waliyopewa hakuna hata kimoja ambacho mtu wa Nansio, akielekezwa, hawezi kukipata.

Kwa habari ya vidonge, miongozo ya wapasuaji na wataalamu wa homoni wa Marekani ya mwaka 2019 huagiza kalsiamu ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, kwa aina zote mbili za upasuaji nilizozieleza, ikihesabiwa iliyo katika chakula pamoja na iliyo katika vidonge. Na vitamini D3 ya vipimo 3,000 kwa siku hadi damu ioneshe zaidi ya nanogramu 30 kwa mililita. Kwa mwananchi hesabu hii ina mitego. Kidonge kilichoandikwa miligramu 1,250 za kaboneti ya kalsiamu kina kalsiamu yenyewe miligramu 500 tu, zilizobaki ni kaboneti. Kwa hiyo asomaye maandishi ya juu peke yake hudhani amekamilisha haja ya siku kwa kidonge kimoja. Utumbo hauwezi kunyonya nyingi kwa mkupuo mmoja, basi na igawanywe, isizidi miligramu 500 au 600 kwa mara moja. Kaboneti, ambayo ndiyo aina ya bei nafuu na iliyoenea zaidi, huhitaji tindikali, na kwa hiyo hunywewa pamoja na chakula. Sitrati haihitaji, nayo ndiyo bora kwa tumbo lililopunguzwa, ikipatikana. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wanawake wengi waliopasuliwa hupewa, visinywewe pamoja na kalsiamu bali vitengwe kwa saa mbili walau, kwa kuwa huzuiana. Na omeprazoli, ambayo hupewa mgonjwa kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji kwa sababu ya haki, imekuwa katika nchi yetu dawa ya kununuliwa na kila mwenye kiungulia, mwaka hadi mwaka. Mtu aliyepunguzwa tumbo akiendelea nayo bila kuulizwa sababu, huondoa tindikali kidogo iliyombakia.

Tuje jikoni, ambako naona Ukerewe ina neema kuliko Vienna. Samaki mkubwa, awe sato au sangara, hutupa minofu mizuri yenye protini, lakini kalsiamu yake imo mifupani, na mifupa hiyo hutupwa. Dagaa huliwa mzima, na kichwa chake, na miiba yake, na kwa hiyo ndani ya konzi moja ya dagaa wakavu mna protini na kalsiamu kwa pamoja, kwa bei ambayo hakuna maziwa ya kopo yanayoweza kushindana nayo. Ni kweli kwamba tumbo jipya halivumilii dagaa wakavu wa kukaanga katika majuma ya kwanza. Ndiyo sababu unga wa dagaa, ambao akina mama wa kando ya ziwa huutia katika uji wa watoto, ndio niuonao kuwa chakula kifaacho zaidi kwa mgonjwa huyu, ukisagwa vizuri, ukachekechwa, ukatiwa kijiko kwa kijiko katika uji mwepesi au mchuzi. Sharti lake ni dagaa waliokaushwa juu ya chanja. Waliokaushwa juu ya mchanga wa pwani hubeba mchanga ambao hauondoki kwa kuoshwa mara moja, na kuusaga ni kumlisha mgonjwa changarawe. Laiti wauzaji wa Nansio wangetenga na kuuza dagaa wa chanja kwa jina lake, wangewafaa watoto, wajawazito, wazee na hawa niwasemao kwa pamoja.

Kuhusu ugali wa muhogo, chakula chetu cha kila siku, yanipasa kusema neno lisilopendeza. Muhogo hujaza, na karibu hauna protini; mtu ambaye tumbo lake huchukua vijiko vichache tu, akianza na ugali, atainuka mezani ameshiba hali hajala kitu kiujengacho mwili. Haja yake ni gramu 60 za protini kwa siku kwa uchache, kwa kuwa protini huhifadhi misuli, na sehemu kubwa ya mfupa wenyewe ni protini, si chokaa tupu. Basi na aanze na samaki, au yai, au maharage, au maziwa, na ugali uje mwisho ukipata nafasi. Maziwa mgando huvumilika kuliko maziwa mabichi kwa wengi waliofanyiwa njia ya mkato, na bilauri moja hutoa kadiri ya miligramu 300 za kalsiamu. Mboga zetu nazipenda zote, ila mchicha na matembele, ingawa vina kalsiamu vikipimwa maabara, vina pia oksalati yenye kuifunga hiyo kalsiamu isinyonywe, na asivitegemee mtu kwa mifupa.

Mazoezi nayo yana siri yake. Baiskeli, ambayo katika kisiwa chetu ndiyo miguu ya wengi, na kuogelea, ambako watoto wa ziwani hawafundishwi, ni mazoezi mema kwa moyo na mapafu, lakini mwendeshaji amekaa na mwogeleaji anaelea, na mfupa wa nyonga haubebi kitu. Kulima kwa jembe, kutwanga, kupanda mlima, kutembea kwa haraka, kuinua ndoo kwa kadiri: hayo ndiyo yanayoizungumzisha mifupa. Kundi la watafiti wa São Paulo, Brazili, mwaka 2019 lilionesha kwamba wanawake waliofanyiwa njia ya mkato na kisha kufanyishwa mazoezi ya nguvu kwa miezi sita, walipoteza mfupa kidogo kuliko wenzao waliokaa. Mwanamke aliyekuwa mkulima kabla ya kunenepa na kuhamia dukani amepewa nafasi ya kulishika jembe tena, na ningemsihi alishike mara majeraha yakipona na tabibu akiridhia.

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu kuliko yote nilifikie hapa, nalo ni siri. Katika vijiji na miji ya kandokando ya ziwa, mtu akikonda kwa ghafula watu hawasemi kwamba amepona, husema kwamba ameugua, na kila mtu ajua ni ugonjwa upi unaotajwa kwa kunong'ona. Tena unene kwa vizazi vingi umekuwa alama ya nyumba yenye neema na mume mwema. Kwa hiyo aliyepasuliwa huona aibu mara mbili, ya kukonda na ya kuwa amelipia kukonda, akasitiri. Stara ni haki yake mbele ya majirani. Mbele ya muuguzi na mfamasia stara hiyo humdhuru. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa huagizwa asichukue mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji. Akienda kliniki ya uzazi wa mpango bila kusema lolote, aghalabu hutoka na sindano ya miezi mitatu, ambayo inapendwa kwa kuwa haionekani na mtu. Nayo sindano hiyo hupunguza uzito wa mifupa wakati wa kuitumia, jambo lililowafanya wasimamizi wa dawa wa Marekani kuiwekea onyo kali mwaka 2004. Kwa mwanamke mzima wa kawaida hasara hiyo ni ndogo, na hurudi kwa sehemu kubwa aachapo; kwa aliyepunguzwa tumbo ni hasara juu ya hasara. Vidonge vya kila siku navyo, baada ya njia ya mkato, haviaminiki kunyonywa. Kijiti au kitanzi ndivyo vimfaavyo, na vyote viwili hutolewa katika vituo vyetu. Lakini muuguzi hatampa jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Kadhalika kwa wale watumiao dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambao katika jamii za wavuvi si wachache, na ambao nawataja kwa heshima zote kwa sababu haki yao ya kutibiwa unene ni sawa na ya mwingine yeyote. Kidonge kimoja cha siku kilichoenea sasa kina tenofoviri, ambayo kwa muda mrefu hupunguza mifupa kwa kiasi, na kina dolutegraviri, ambayo utafiti wa Johannesburg uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba huongeza uzito, hasa kwa wanawake. Kalsiamu na chuma huifunga dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Basi kidonge hicho kinywewe saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, ama vyote viwili vinywewe pamoja na chakula. Mgonjwa aliyepewa kalsiamu Dar es Salaam na dawa zake Nansio, na pasiwe na mtu aliyeona karatasi zote mbili, anaweza kulinda mifupa yake huku akivipa virusi nafasi. Hatari hii haimo katika vitabu tu; imo katika mpangilio wetu wa kliniki, ambamo kila mlango una daftari lake.

Vipimo navyo visipewe ukubwa usio wao. Kipimo cha uzito wa mifupa kwa mionzi ni chema kifanywe kabla ya upasuaji na kurudiwa baadaye, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, kwa mwanamume aliyepita miaka 50, na kwa yeyote aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Lakini si kitu cha hospitali ya wilaya, na kukosekana kwake kisiwe kisingizio cha kutofanya lolote. Kimeng'enya cha fosfatesi ya alkali, ambacho hupanda mifupa inapolainika au kubomolewa kwa kasi, hupimwa kwa damu na kwa gharama ndogo. Vitamini D na homoni ya zile tezi nne huweza kupimwa kwa kutuma damu Mwanza au mbali zaidi, na mara moja kwa mwaka si kazi kubwa. Aliyekwisha kupungukiwa sana hupewa dawa za kuzuia ubomoaji wa mfupa, na hapa pana onyo: vidonge vya aina hiyo huunguza kifuko na mshono wake, kwa hiyo hupewa ya mshipa, asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka, tena baada ya vitamini D na kalsiamu kusahihishwa, la sivyo kalsiamu ya damu huanguka ghafula na kuhatarisha maisha.

Kwa haya yote, hukumu yangu ni hii. Kwa mtu aishiye mbali na hospitali kubwa, ambaye hana hakika ya vidonge vya kila mwezi wala ya kipimo cha kila mwaka, nisingeshauri njia ya mkato ikiwa kukata tumbo peke yake kutamfaa. Na iwapo kiungulia kikali au kisukari chake kinaidai njia ya mkato, basi na asifanyiwe hadi dawa zake za mwaka wa kwanza ziwe zimepangiwa mahali. Wapasuaji wetu, ambao ustadi wao ni fahari ya nchi, wanaweza kutenda jambo dogo lenye faida kubwa: kumpa kila anayetoka wodini waraka mmoja, kwa Kiswahili, wenye jina la upasuaji aliofanyiwa, dawa alizoagizwa na saa za kuzinywa, dawa asizopaswa kupewa, na tarehe za vipimo vyake, waraka ambao mganga wa zahanati ya Bugolora au ya Ilangala atausoma akaelewa. Na wasimamizi wa afya wa wilaya wanaweza kuhakikisha kwamba kalsiamu na vitamini D vimo katika orodha ya vitu viagizwavyo Bohari ya Dawa, kwa kuwa havitawafaa waliopasuliwa tu.

Nawe uliyekwisha kupasuliwa, popote ulipo, ambaye hukuambiwa haya au uliambiwa ukasahau: muda haujapita. Nenda juma hili katika kituo chako cha afya, uombe kuonana na mganga faraghani, umwambie ni upasuaji gani uliofanyiwa na mwaka gani, umwonyeshe dawa zote unazokunywa pamoja na za uzazi wa mpango, kisha muulize fosfatesi yako na vitamini D yako vitapimwa lini.